Ovadrafti: Neno la Benki na Deni Lililojificha Ndani Yake

Chukueni mfano wa mfanyakazi wa zamu ya usiku katika mji wa Leicester nchini Uingereza. Ni mwaka 2015. Alfajiri, akitoka kazini, anapita kwenye mashine ya kutolea fedha, anaingiza kadi yake na kuuliza salio. Mashine inamjibu kwamba fedha anazoweza kutumia ni pauni 620. Anashusha pumzi. Siku hiyohiyo anatuma pauni 300 kwa mama yake huko Kilifi, ambako mvua imeezua paa la nyumba, na moyoni anahesabu kwamba amebakiwa na pauni 320 za kumfikisha mwisho wa mwezi.

Kumbe fedha zake mwenyewe zilikuwa pauni 120 tu. Zile 500 nyingine zilikuwa za benki, ambayo ilikuwa imemruhusu azitumie kwa masharti yake. Kwa hiyo alipotuma pauni 300 hakubakiwa na kitu. Alikuwa anadaiwa pauni 180, na gharama ya deni hilo ilianza kuhesabiwa tangu siku ile. Hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa ya uongo katika maandishi ya mashine ile. Kilichompoteza ni neno, na neno lenyewe ni miongoni mwa yale ambayo kila mgeni anayefungua akaunti katika nchi inayotumia Kiingereza hukutana nalo siku ya kwanza, akatia saini chini yake kabla hajaulizia maana.

Kwa Kiingereza neno hilo huandikwa "overdraft". Katika Kiswahili cha mabenki limekwisha kuzoeleka kwa umbo la ovadrafti, na wafanyabiashara wengi huliita kwa herufi mbili tu, OD. Limeundwa kwa vipande viwili. Cha kwanza, "over", kina maana ya kupita kiasi au kuvuka mpaka. Cha pili kinatokana na kitenzi "draw", yaani kuvuta au kuteka. Mwingereza huteka maji kisimani kwa kitenzi kilekile anachotolea fedha benki. Picha iliyomo ndani ya neno, basi, ni ya mtu mwenye ndoo aliyefika kisimani akateka maji mengi kuliko yaliyokuwamo.

Ukiitafakari picha hiyo utaiona kasoro yake. Kisima kikikauka, ndoo hupanda tupu, wala hakuna nguvu ya mikono inayoweza kuteka maji yasiyokuwapo. Katika ovadrafti ndoo hupanda imejaa. Maana yake ni kwamba kuna mtu mwingine aliyemimina maji yake kisimani kabla ya kamba kuvutwa, naye anangoja kurudishiwa na zaidi. Neno la Kiingereza linamtaja mtekaji peke yake. Aliyemimina hatajwi.

Kiswahili chenyewe kina hadhari katika jambo hili. Mtu hutoa fedha zake benki, na hilo halina lawama. Lakini magazeti yakiandika kwamba ofisa fulani amechota mamilioni, hakuna msomaji anayeuliza kama fedha zilikuwa zake. Kitenzi cha kuteka na kuchota, kikihamishwa kutoka kwenye maji hadi kwenye fedha, hubeba harufu ya mali ya watu. Kwa bahati mbaya hadhari hiyo haisafiri pamoja na neno ovadrafti, kwa kuwa neno limeingia kwetu likiwa zima, bila kufasiriwa.

Ama historia yake, ni ya heshima kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1728 katika mji wa Edinburgh, Scotland, mfanyabiashara aitwaye William Hogg alikuwa na tatizo ambalo mwenye duka yeyote wa Kariakoo au Mwembe Tayari analifahamu. Bidhaa alikuwa amekwisha kuuza, wateja walikuwa hawajalipa, na yeye mwenyewe alikuwa na watu wa kuwalipa. Benki ya Royal Bank of Scotland, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla, yaani 1727, ikamruhusu atoe hadi pauni 1,000 zaidi ya zilizokuwamo katika akaunti yake. Benki hiyo huihesabu ruhusa hiyo kuwa ndiyo ovadrafti ya kwanza.

Utaratibu huo ukaenea Scotland, na mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith akaueleza katika kitabu chake mashuhuri kuhusu utajiri wa mataifa. Kwa maelezo yake, mwombaji alitakiwa kuleta wadhamini wawili wenye sifa njema na wenye ardhi, na faida ilitozwa tu juu ya kiasi kilichotumika, tangu siku kilipotolewa hadi siku kiliporudishwa. Aliyelipa shilingi kadhaa asubuhi alipunguziwa mzigo wake tangu siku hiyo. Kwa mfanyabiashara, hilo lilikuwa bora kuliko mkopo wa kawaida, ambao hutozwa wote hata kama nusu yake imelala kabatini.

Hata hivyo, jambo la kuzingatiwa zaidi katika kisa cha Hogg ni jina. Wakati ule utaratibu huo haukuitwa ovadrafti. Uliitwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkopo wa fedha taslimu, na nchini India mabenki bado hulitumia jina hilo la kale kwa aina ya mkopo wa biashara. Jina la kwanza lilisema waziwazi kwamba hapa pana mkopeshaji na mkopaji. Jina lililokuja kushika nafasi yake likaondoa mkopo, likabakiza kuteka.

Sasa, matumizi. Mwingereza akisema ana ovadrafti ya pauni 500, msikilizaji makini hana budi kuuliza swali la pili, kwa sababu maneno hayo yana maana mbili. Huenda benki imempa ruhusa ya kufikia pauni 500 naye hajagusa hata senti. Huenda pia amekwisha kuzitumia zote na anadaiwa. Ruhusa na deni vinaitwa kwa jina moja. Waingereza wenyewe hutofautisha kwa muktadha, na pale wanapotaka kusema bila utata kwamba deni limeshaingia, hutumia neno "overdrawn". Hapo lugha inafanya jambo la ajabu kidogo, kwani anayesemwa kuwa amezidishwa si akaunti pekee. Mtu husema kwamba yeye mwenyewe yuko katika hali hiyo, kama vile mgonjwa asemavyo kwamba ana homa.

Upo pia usemi wa kwamba mtu yuko ndani ya rangi nyekundu. Unatokana na desturi ya makarani wa zamani kuandika hasara na upungufu kwa wino mwekundu, na faida kwa wino mweusi. Mabenki mengi ya leo hayatumii wino wa rangi mbili, na hapo ndipo wageni wengi walipoteleza. Katika taarifa za akaunti zilizochapishwa kwenye karatasi, deni lilioneshwa mara nyingi kwa herufi ndogo kando ya tarakimu, OD au DR, pasipo alama ya kutoa. Mtu aliyesoma 214.60 bila kuziona herufi mbili zilizofuata aliamini kwamba ana pauni mia mbili na ushei, ilhali alikuwa anazidaiwa.

Kuna neno jingine linalofanana nalo kwa sura ambalo halina undugu nalo kwa maana. Vyuo na ofisi za serikali ziliwahi kuwa na mazoea ya kuwataka watu walipe kwa hundi ya benki, ambayo Kiingereza huiita "bank draft". Kwa kuwa kipande cha mwisho ni kilekile, wapo waliodhani kwamba wanaambiwa wakope. Kinyume chake ndiyo sahihi. Hundi ya benki hulipiwa kwanza na mteja, na benki ikaiandika kwa jina lake yenyewe, kwa hiyo aliyeipokea hana wasiwasi kama fedha zipo. Ovadrafti ni fedha zisizokuwapo. Hundi ya benki ni fedha zilizokwisha kuwekwa.

Kwa upande wa sheria, ovadrafti inatofautiana na mikopo mingine katika jambo moja zito ambalo jina halilidokezi hata kidogo. Mkopo wa nyumba au wa gari una ratiba, na mkopaji anayeifuata anajua lini atamaliza. Ovadrafti kwa kawaida haina ratiba. Benki inaweza kulidai deni lote wakati wowote itakapotaka, na pia inaweza kupunguza au kuondoa ruhusa yenyewe. Barua ya masharti husema hivyo kwa sentensi moja fupi, ambayo kwa kawaida iko mahali ambapo macho yamekwisha kuchoka. Mfanyabiashara aliyejenga mwaka wake mzima juu ya OD amejenga juu ya ardhi ambayo mwenyewe anaweza kuidai kesho asubuhi.

Nchini Uingereza mabenki yalizigawa ovadrafti katika aina mbili, iliyoafikiwa na isiyoafikiwa. Ya kwanza ni ile ambayo mteja aliiomba na benki ikaweka kikomo. Ya pili hutokea pale malipo yanapopita salio, au yanapovuka kikomo hicho, bila makubaliano. Kwa miaka mingi aina hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa chemchemi ya malalamiko. Ada iliyotozwa kwa malipo mamoja tu yaliyorudishwa iliweza kuzidi pauni 30, hata kama upungufu wenyewe ulikuwa pauni tatu au nne. Na kwa kuwa ada nayo ilikatwa katika akaunti ileile, mara nyingi ilizaa upungufu mwingine, na upungufu huo ukazaa ada.

Maelfu ya wateja walidai kurudishiwa fedha zao, na suala likafika mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza. Upande mmoja ulikuwa na Ofisi ya Biashara ya Haki, upande wa pili benki ya Abbey National na mabenki mengine. Tarehe 25 Novemba 2009 mahakama ikatoa uamuzi uliowavunja moyo wengi. Majaji hawakusema kwamba ada zile zilikuwa za haki. Walichosema ni kwamba ada hizo zilikuwa sehemu ya bei ambayo mteja hulipa kwa huduma nzima ya akaunti, na kwa hiyo, chini ya kanuni za wakati ule, ofisi hiyo haikuweza kuzipima kwa kigezo cha kama bei ni kubwa kuliko huduma iliyotolewa. Neno bei, ambalo hakuna mteja aliyekuwa amewahi kulitumia kwa ada zile, ndilo lililoamua kesi.

Nani hasa aliyekuwa akiilipa bei hiyo? Mamlaka inayosimamia mienendo ya taasisi za fedha nchini Uingereza, FCA, ilibaini kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada zote za ovadrafti zisizoafikiwa zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja. Kwa maneno mengine, akaunti ambazo wengine walizifurahia bila malipo ziligharamiwa kwa sehemu na kundi dogo la watu waliokuwa na upungufu kila mwezi.

Mamlaka hiyo ilichukua hatua mbili, na ya kwanza inahusu lugha moja kwa moja. Kuanzia tarehe 18 Desemba 2019, mabenki yalikatazwa kujumlisha ovadrafti katika kile yanachokiita fedha zilizopo za mteja. Yule mfanyakazi wa Leicester, angeuliza salio lake baada ya siku hiyo, angeambiwa pauni 120, na kikomo cha ovadrafti kingeoneshwa mahali pake. Ni nadra sana kwa sheria za fedha kuingilia maana ya maneno mawili matatu kwenye kioo cha mashine, lakini hapa sheria iliona kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakitoa fedha mifukoni mwa watu.

Hatua ya pili ilianza Aprili 2020. Ada za siku na za mwezi zilipigwa marufuku, mabenki yakatakiwa kutoza ovadrafti kwa kiwango kimoja cha riba cha mwaka kinachotangazwa waziwazi, na ikawa haramu kuitoza ile isiyoafikiwa zaidi ya ile iliyoafikiwa. Mabenki kadhaa makubwa yalijibu kwa kuweka kiwango cha asilimia 39.9. Wengi walishtuka, na mshtuko huo ni wa haki, ingawa sehemu yake inatokana na kuona kwa mara ya kwanza kitu kilichokuwapo siku zote. Kwa kiwango hicho, deni la pauni 180 likikaa siku 30 hugharimu takriban pauni 5. Zamani ada ya malipo mamoja yaliyorudishwa ilikuwa mara sita ya hizo, na haikuandikwa popote kama asilimia.

Wasikilizaji waishio Marekani wanalifahamu neno hili kwa vazi jingine. Huko mabenki yalilipamba kwa neno la pili lenye maana ya kinga au ulinzi. Ofisa humwuliza mteja mpya kama angependa kupewa kinga ya ovadrafti, na ni nani anayekataa kinga? Katika mabenki mengi, kilicholindwa ni kukubaliwa kwa malipo, na bei ya kukubaliwa huko ilikuwa dola 35 hivi kila mara kadi ilipopita salio. Kahawa ya dola nne iliweza kumgharimu mtu dola 39.

Yapo pia mambo ya mpangilio ambayo mteja hakuyaona. Chukulia akaunti yenye dola 100. Asubuhi mwenye nayo analipa dola 10, kisha 15, kisha 20, na jioni dola 90. Yakihesabiwa kwa kufuata saa, malipo matatu ya mwanzo yanapita, na la mwisho pekee ndilo linalovuka salio. Ada ni moja, dola 35. Lakini mabenki kadhaa yalikuwa na mtindo wa kuanza na malipo makubwa. Zile 90 zikikatwa kwanza, zinabaki dola 10, na malipo ya 20, 15 na 10 yote yanavuka. Ada ni tatu, dola 105, kwa ununuzi uleule wa mtu yuleyule siku ileile. Mwaka 2010 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini San Francisco aliiamuru benki ya Wells Fargo kuwarudishia wateja wa California takriban dola milioni 203 kwa sababu ya mtindo huo.

Mwaka huohuo ilianza kutumika kanuni ya benki kuu ya Marekani inayozuia benki kutoza ada hiyo kwa mashine za fedha na kwa ununuzi wa kawaida wa kadi mpaka mteja awe amekubali waziwazi. Asiyekubali, kadi yake hukataliwa pale dukani, na kukataliwa huko hakuna ada. Hundi na malipo ya kujiendesha yenyewe hayakuguswa na kanuni hiyo. Baadaye benki ya Capital One ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaziondoa kabisa ada za ovadrafti, na Citibank ikafuata mwaka 2022. Mwezi Desemba 2024 shirika la serikali la kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha lilipitisha kanuni ya kuzishusha hadi dola 5 katika mabenki makubwa, lakini Bunge likaifuta, na Rais akatia saini kufutwa kwake mwezi Mei 2025 kabla haijaanza kufanya kazi.

Kwa Waislamu wengi miongoni mwa wasikilizaji, tatizo la ovadrafti linaanzia mbali zaidi ya ada. Faida inayotozwa juu ya deni ni riba, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kuzidi na kukua, na uharamu wake haupungui kwa sababu mkopo umepewa jina la kuteka. Ndiyo maana mabenki ya Kiislamu hayatoi ovadrafti ya kawaida. Nchini Oman, ambako wenye kuzungumza Kiswahili si haba, benki za aina hiyo ziliruhusiwa mwaka 2011, na Benki ya Nizwa ikafungua milango Januari 2013. Katika Falme za Kiarabu, kwa miaka mingi neno lililotisha zaidi halikuwa ovadrafti. Lilikuwa hundi. Aliyeandika hundi akaunti ikiwa haina fedha za kutosha aliweza kufungwa jela. Tangu Januari 2022 upungufu wa fedha peke yake kwa jumla si jinai tena, na benki inatakiwa kumlipa mwenye hundi kiasi chochote kilichomo.

Turudi Afrika Mashariki, ambako neno hili limepata mkasa wake wa kuvutia kuliko wote. Mwezi Januari 2019 kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya, ikishirikiana na mabenki, ilianzisha ovadrafti kwa watumiaji wa M-Pesa. Mtu akitaka kulipa shilingi 1,000 naye ana 600, malipo yanakamilika, na zile 400 zinakuwa deni. Huduma hiyo haikupewa jina la Kiingereza. Iliitwa Fuliza. Jirani, huko Tanzania, Vodacom nayo ikatoa huduma ya namna hiyo na kuiita Songesha.

Kufuliza ni kufanya jambo bila kukoma, nalo ni neno lenye undugu na mfululizo. Kusongesha ni kusukuma mbele. Ni Kiswahili safi, chenye mdundo, na aliyeyachagua majina hayo aliijua lugha. Lakini msikilizaji na aviangalie vitenzi hivyo viko katika hali gani. Viko katika hali ya kuamrisha. Fuliza! Songesha! Neno la Kiingereza lilimficha mkopeshaji, ila angalau lilibakiza onyo dogo katika kile kipande cha mwanzo, kwamba mpaka umevukwa. Majina ya Kiswahili yameliondoa hata hilo. Hayasemi mpaka, hayasemi deni. Yanasema endelea.

Hapana shaka kwamba huduma yenyewe inafaa. Usiku wa manane, mtoto akishikwa na pumu na nauli ya pikipiki imepungua shilingi hamsini, hakuna anayetaka kusikia mhadhara juu ya asili ya maneno. Tatizo ni kwamba deni dogo la siku mbili na deni la mwezi vimefunikwa kwa jina moja la uchangamfu. Kwa ada zilizotangazwa mwaka 2022, baada ya kupunguzwa, madeni yasiyozidi shilingi 1,000 yalipewa siku tatu za kwanza bila ada ya siku. Deni lililozidi shilingi 2,500 lilitozwa shilingi 25 kila siku, pamoja na asilimia moja mwanzoni. Mwenye deni la shilingi 2,600 aliyekaa nalo siku 30 alilipa 26 za mwanzo na 750 za siku, jumla shilingi 776, karibu asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Ile asilimia 39.9 iliyowashtua Waingereza ilikuwa ya mwaka.

Linganisha na daftari la deni la duka la mtaani, liwe la Mombasa, Ujiji au Bujumbura. Mwenye duka anaandika jina, unga kilo mbili, mafuta, tarehe. Daftari hilo linaitwa daftari la madeni, na hakuna mteja aliyewahi kulitazama akaona humo fedha zake. Mwisho wa mwezi akifika na noti mkononi, ni yeye anayeamua leo alipe kiasi gani na abakize kiasi gani cha nauli. Katika ovadrafti ya simu mpangilio huo umegeuzwa. Fedha yoyote inayoingia hukatwa deni kwanza, kisha mwenye simu hupata kilichobaki.

Yule mfanyakazi wa Leicester, chukulia kwamba ni mwaka 2023 sasa. Benki yake inamwonesha salio lake halisi mahali pake na kikomo mahali pake, naye amekwisha kujifunza kuvitenganisha. Anatuma Kilifi fedha zinazofika shilingi 10,000 kamili, zake mwenyewe, bila kugusa ovadrafti. Hajui kwamba siku 20 zilizopita mama yake alipungukiwa zahanati akafuliza shilingi 2,600, na deni hilo limefika 3,126. Simu ya mama inalia. Ujumbe wa kwanza unasema amepokea fedha kutoka nje ya nchi. Wa pili unakuja mara moja na kusema kwamba deni limelipwa na salio lake ni shilingi 6,874. Jioni mama anampigia mwanawe, anamshukuru, anamwombea dua, anauliza hali ya baridi huko. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kuonekana anahesabu zawadi, anauliza, "Mwanangu, zilikuwa kumi zote?"